Chungu cha Dawa Hakirudishwi

Shenzhen, 6 Machi 1994

Dada Lamei,

Nimefika. Treni siku tatu, mbili nilisimama. Goti la shemeji Kuang likoje? Msalimie. Msalimie na nyumbu.

Kazi ipo. Tunajenga ghorofa, sasa tuko ya sita. Asubuhi nabeba matofali, mchana najenga. Tunalala watu ishirini na wanne kwenye banda la mabati. Kitanda cha chini yangu yuko Mzee Deng, mtu wa Sichuan, anaongea hata akiwa usingizini. Wali asubuhi, wali mchana, wali jioni. Tambi za ngano sijaziona tangu nishuke.

Mengine mazuri.

Tumbo limefunga. Leo siku ya nane. Lilianza huko huko nyumbani, toka mwezi wa kumi na moja. Sikusema kwa sababu si habari ya kusema. Huku limezidi. Choo ni mbao mbili juu ya shimo, watu arobaini kwenye foleni, msimamizi na filimbi yake. Nachuchumaa, hakuna kitu, filimbi inalia, natoka. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Nazunguka banda kama punda wa kinu.

Nitumie kipande cha dahuang, ile mizizi yetu ya njano ya mteremko wa juu. Mzizi uwe uliokomaa, ufungue tumbo mara moja niendelee na kazi. Usimwambie Mganga Qiao. Ataanza maswali.

Nyumba nimefunga. Ufunguo unao wewe. Usifungue bila sababu.

Mdogo wako,
Shuanzhu


Kijijini, 27 Machi 1994

Mdogo wangu Shuanzhu,

Barua yako imelala posta ya wilayani siku tisa, mpaka Kuang alipokwenda kununua chumvi. Goti lake ni lile lile, linatabiri theluji kuliko redio. Nyumbu amempiga teke mwenyekiti wa kijiji, tumelazimika kwenda kuomba radhi na mayai. Miche tumeshaanza kupanda. Mwaka huu nimeweka mizizi ya danggui shamba lote la chini, dahuang kidogo tu.

Nimemwambia Qiao. Ulidhani nitanyamaza? Nilimkuta anaota jua mlangoni pa duka lake la dawa, miguu kwenye beseni.

Nikamwambia, "Mzee Qiao, mdogo wangu anataka dahuang."

"Na mimi nataka mke wa pili. Anaumwa nini?"

"Tumbo limefunga."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

Akaacha kucheka. Akaniuliza, "Kabla ya kumzika mkewe Yindi au baada?"

"Baada."

"Basi dahuang simpi. Kama unataka kumpa wewe, mpe, lakini usinitaje."

Ametoa maswali, ujibu yote. Mikono yako ina moto au ina baridi? Una kiu? Ukienda chooni, haja unaisikia ikashindwa kutoka, au huisikii kabisa? Unatoka jasho hata ukiwa umekaa? Unavuta pumzi ndefu bila sababu? Na ulimi ukoje. Anasema mapigo ya mkono hawezi kuyashika kwa barua, basi angalau ulimi umwonyeshe mtu akueleze ulivyo, maana mwenye ulimi ni mwongo.

Nyumba nimeifungua. Nilikuwa na sababu. Kuang alishikwa na kikohozi, nikataka chungu changu cha dawa, kile ulichoazima Yindi alipolala mgonjwa. Unajua mila yetu: aliyeazima chungu cha dawa harudishi, akirudisha anambebea mwenzake ugonjwa mpaka mlangoni. Mwenye chungu hukifuata mwenyewe akikihitaji. Basi nimekifuata. Nimetafuta jikoni, uvunguni, mpaka kwenye pipa la unga. Hakipo. Kiko wapi?

Dada yako,
Lamei


Shenzhen, 18 Aprili 1994

Dada Lamei,

Pole kwa shemeji. Mwambie atafune tangawizi. Nyumbu alifanya vizuri.

Majibu. Mikono baridi. Kiu ipo, lakini sinywi, ukinywa unataka kushuka, ukishuka msimamizi anakukata nusu siku. Haja siisikii. Jasho ndiyo. Pumzi sijui, Deng anasema navuta kama ng'ombe aliyefungiwa. Ulimi nilimwonyesha yeye. Kasema mweupe, mkavu, una mstari katikati, unafanana na soli ya kiatu cha marehemu baba yake.

Sasa usikasirike. Kuna mtu anauza majani ya sanamaki sokoni kwa konzi. Nilinunua. Kikombe cha kwanza hakuna kitu. Cha pili hakuna kitu. Nikanywa vitatu kwa mpigo. Kesho yake niko juu ya jukwaa la mianzi, ghorofa ya saba, tumbo likafunguka. Nilishuka ngazi saba, dada, sijui nilivyoshuka. Banda zima linanicheka mpaka leo. Deng kaniita Treni ya Haraka.

Siku mbili nilikuwa mwepesi. Halafu likafunga tena, zaidi ya mwanzo. Leo siku ya kumi na moja. Naona kizunguzungu nikiinama.

Nimehama. Kazi ile sikuipenda. Deng kanifuata, sijamwita. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Siku ya kufagia makaburi sikuweza kuja. Kaburi la Yindi umefagia?

Shuanzhu


Kijijini, 14 Mei 1994

Mdogo wangu Shuanzhu,

Tumefagia. Kuang kang'oa magugu, mimi nimechoma karatasi, nimemwekea mikate ya mvuke na chai. Nimemwambia uko kazini. Hiyo ndiyo habari ya kaburi. Kama unataka zaidi, njoo ufagie mwenyewe.

Kikohozi cha Kuang kimepona. Nilichemshia dawa kwenye chungu cha jirani, kwa sababu changu hakipo. Swali langu hukulijibu. Nimeona.

Nilipomsomea Qiao habari ya sanamaki alipiga meza mpaka mizani ikaruka.

"Mwambie huyo fundi wako! Mto umekauka, mashua imekwama kwenye tope. Utaisukuma? Ukiisukuma inapasuka. Unasubiri maji!"

Nikamwambia nieleze polepole, mimi si mganga. Akasema kufunga si ugonjwa mmoja. Yuko aliyefunga kwa moto: uso mwekundu, mdomo unanuka, tumbo gumu kama ngoma. Huyo mpe dahuang, utamsikia toka ng'ambo ya mto. Yuko aliyefunga kwa hasira, amekaa nayo mbavuni. Na yuko kama wewe: damu pungufu, maji hakuna, nguvu ya kusukuma hakuna. Ndiyo maana haja huisikii. Sanamaki na dahuang zinakukamua hata yale matone yaliyobaki, halafu unafunga zaidi, halafu unaongeza majani. Anasema kaona watu wamekwenda hivyo miaka kumi.

Halafu akasema jambo jingine. "Mapafu na utumbo mpana ni mume na mke. Mmoja akinuna, mwenzake hapiki. Na huzuni inakaa mapafuni. Huyu mdogo wako alilia mazishini?"

Nikamwambia hukulia. Ulikuwa unapanga viti.

Qiao akavuta mizani yake. Akaanza kupima dawa.

Nimekutumia vifurushi kumi. Kuna danggui ya shamba letu ya kuongeza damu, kuna mbegu za katani za kulainisha tumbo, kokwa za aprikoti kwa ajili ya mapafu, na vikorokoro vyake vingine. Pembeni kuna ufuta mweusi nimeukaanga na kuusaga mwenyewe. Huo ulambe na asali kijiko kila asubuhi. Kunywa maji ya moto, msimamizi apende asipende. Na uende chooni alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa moja, ndiyo saa ya utumbo mpana. Uende hata kama husikii kitu. Filimbi bado imelala saa hizo.

Kuchemsha unajua: chungu cha udongo, chuma hapana. Loweka kwanza. Moto mkali mpaka ichemke, halafu mdogo. Usiondoke. Ikiungua mwaga yote, usiongeze maji, dawa iliyoungua ni sumu. Makapi yamwage njiani, watu wayakanyage, ugonjwa uende na miguu yao.

Lamei


Kijijini, 23 Juni 1994

Shuanzhu,

Siku arobaini. Vifurushi vimefika au vimeliwa na panya wa posta? Mtoto wa mama Fu karudi toka huko, anasema kasikia kuna mtu wa kwetu Gansu kaanguka kwenye jukwaa. Hajui jina. Sijalala tangu juzi. Kuang anajifanya amelala.

Andika hata neno moja.

Lamei


Shenzhen, 5 Julai 1994

Dada Lamei,

Sikuanguka. Yule ni mtu mwingine, wa mji wa Tianshui, kavunjika mguu. Mimi niliteleza tu siku ile ile, macho yalifanya giza, Deng kanikamata mkanda. Sasa nimewekwa chini, nachanganya zege. Kwenda haja mara moja kwa siku kumi, na damu kidogo. Nimehama tena, lakini barua zinanifikia.

Vifurushi vilifika mwezi wa sita. Nimevitundika kwenye msumari. Ufuta nalamba. Dawa sijachemsha.

Deng kila jioni ananiuliza, "Hizo unakunywa au unaziangalia? Kwetu Sichuan kuangalia hakufungui mtu."

Nikamwambia anyamaze.

"Nyie watu wa Gansu ubahili umezidi, hata mavi mnayabania."

Nikamrushia kiatu. Akakirudisha. Akasema, "Nipe nikuchemshie mimi basi, kaka. Kazi gani hiyo?" Nikatoka nje nikatembea mpaka barabara kuu, nikarudi, nikatembea tena.

Umeandika ikiungua nimwage. Najua. Mtoto gani wa kwetu hajui hilo. Sasa nakuambia kitu mara moja tu, usinijibu.

Siku tatu kabla Yindi hajafa. Nimetoka kazini machimboni, sijalala siku mbili. Nikaweka dawa yake jikoni, moto mdogo, nikakaa kwenye kigoda. Ilikuwa asubuhi, jua lipo mlangoni. Nimeamka kwa harufu. Chini imeshika, nyeusi. Kilikuwa kifurushi cha mwisho. Qiao alikuwa kaenda ng'ambo ya mto, harudi mpaka siku ya soko. Nikaongeza maji. Nikachemsha tena. Nikachuja. Nikampa. Akanywa yote, akasema asante. Siku ya tatu akafa.

Ndiyo hiyo.

Chungu chako ninacho mimi. Nimekuja nacho kwenye treni, nimekifunga kwenye koti la bluu la Yindi. Weusi bado uko chini. Kurudisha siwezi, mila. Kuvunja siwezi, si changu. Kuchemshia dawa siwezi.

Usimwambie Qiao.

Shuanzhu


Kijijini, 28 Julai 1994

Mdogo wangu Shuanzhu,

Umesema nisijibu. Najibu. Salamu utajisalimia mwenyewe leo.

Isome hii barua ukiwa umekaa. Acha kuzunguka.

Mwanzo wa ule mwezi wa kumi na moja, Qiao alipotoka kumshika Yindi mapigo ya mkono, wewe ulikuwa machimboni. Alinikuta kisimani. Akasema, "Lamei, mapigo yake yamekuwa ya shomoro. Anadonoa mara tatu, anasimama. Anadonoa mara tatu, anasimama. Mwezi huu hauishi naye." Nikamuuliza dawa gani sasa. Akasema dawa imekwisha. Atampa ngano, mizizi mitamu ya susi na kunazi nyekundu, roho itulie, apate usingizi.

Unajua habari ya namna ile huambiwa ndugu mmoja tu. Mgonjwa haambiwi, na mume haambiwi. Akanichagua mimi.

Kifurushi ulichounguza ndicho hicho. Wewe mwana wa wakulima wa dawa, hukuona ni ngano? Ulidhani kunazi zimewekwa kukata uchungu. Kumbe ndizo zilikuwa dawa yenyewe. Ulimpa uji wenye ukoko, Shuanzhu. Uji haukumuua mtu.

Tena yeye alijua. Nilipokwenda kumwosha jioni ile aliniambia, "Wifi, leo kaniunguzia. Kaongeza maji, anadhani sijaonja. Ina ladha ya ukoko wa mtama, wa mama." Tukacheka, akakohoa, nikamshika. Akasema, "Usimwambie, atakosa hata ule usingizi wa kigoda." Akasema alipenda kulala anasikia chungu kinatokota, anajua uko upande wa pili wa ukuta.

Sasa utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mwanzo nilinyamaza kwa sababu ningekuambia ungeacha kuchemsha, na yeye angejua. Baadaye sina sababu. Ulikuwa unapanga viti, uso umekaza, nikaona mtu huyu amesimama kwa uzi, nikiukata ataanguka. Halafu mwezi ukapita, halafu nikaona aibu. Ningekuwa nimesema, tumbo lako lisingefika hapo. Hilo ni langu, sikupi ulibebe.

Wewe ulifunga tumbo, mimi nilifunga mdomo. Ndugu wa mama mmoja.

Nimemwambia Qiao. Nisingeweza kutomwambia. Akasema, "Sasa dawa yangu itafanya kazi." Ameongeza vifurushi vitano, hivi hapa.

Chukua mchanga na majivu, sugua huo weusi mpaka utoke. Kuchemshia ruhusa. Chungu ni changu mimi, nimesema.

Dada yako,
Lamei


Shenzhen, 4 Septemba 1994

Dada Lamei,

Barua niliipata tarehe kumi na tano. Sikuweza kuandika mapema. Shemeji mpe salamu. Usimsomee hii.

Nilisoma nimekaa. Deng aliniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, alikwisha kufa. Akaniangalia, akaenda kunitafutia mchanga.

Nimesugua chungu jioni mbili. Weusi umetoka karibu wote. Kimebaki kidoa kama ukucha, hakitoki, nimekiacha.

Nilichemsha kwenye matofali matatu nyuma ya banda. Loweka, moto mkali, moto mdogo. Nilikaa hapo hapo, sikusinzia. Watu wanapita wanaziba pua. Deng anawafukuza, "Piteni, piteni, hapa kuna mganga!" Dawa yenyewe haina ladha mbaya. Nilionja katani, nikaonja danggui. Ni ya shamba la chini kweli, nimeijua.

Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu nilisikia kitu, kama mtu anagonga mbali. Alfajiri ya siku ya tano nikaenda, saa kumi na moja, kabla ya filimbi. Hakuna mtu. Mbao zote mbili zangu. Ilitoka, dada. Polepole, bila damu. Halafu nikaanza kulia. Sikujua nalia mpaka nikaona mikono imelowa. Nililia mpaka kukapambazuka, filimbi ikalia, foleni ikajaa nje, wanapiga mlango. Deng kawaambia, "Mwacheni! Mtu anazaa humo!"

Sasa ni kila siku ya pili. Qiao mwambie. Mwambie maji nakunywa, na msimamizi tumegombana, nimeshinda mimi. Makapi nilimwaga getini kwa malori ya mchanga. Huo ugonjwa sasa umekanyagwa na tani kumi.

Vifurushi vimebaki vitatu. Nitavimalizia nyumbani. Nimekata tiketi, nakuja mwezi wa kumi kuwahi kuchimba danggui. Kuang na goti lake hawezi shamba lote la chini. Kurudi huku sijui. Deng analia kilio cha uongo, anasema atamcheka nani.

Kaburi nitafagia mwenyewe. Nitampikia uji wa mtama, nitauacha ushike kidogo chini.

Nyumba usinifungulie. Nitafungua mimi. Chungu nakuja nacho, lakini kwako sikileti, mila ni mila. Nitakiweka jikoni, pale pale kilipokuwa. Uje ukifuate mwenyewe, mchana, nikiwepo. Nitakuwa nimekanda unga, tutakula tambi. Uje na vitunguu vyako, kwangu havijapandwa.

Mdogo wako,
Shuanzhu